Jaribio la kugawa mdomo ni nini, na kwa nini jino la kulia linatibiwa tofauti na la kushoto

Juzi jirani yangu hapa Kayole alitoka kliniki ya meno na fomu ya kurasa nne mkononi na hasira usoni. Msichana wake ana miaka sita, magego mawili ya utoto yametoboka, moja chini kulia na lingine chini kushoto, na daktari amemwambia kuna utafiti unaendelea, akikubali mtoto aingie basi jino la upande mmoja litazibwa vile huzibwa siku zote na la upande wa pili litavalishwa kofia ya chuma. Yeye alichosikia ni kwamba mtoto wake atatibiwa nusu nusu. "Kama wanajua ile poa si waifanye pande zote?" Hilo swali ndilo limenifanya niandike hii, kwa sababu jibu lake ndio maana yenyewe ya hii kitu: hawajui bado ni ipi poa, ndio maana wanapima.

Hiyo njia ya kupima ni jaribio la kugawa mdomo. Badala ya kuchukua watoto mia, hamsini watibiwe hivi na hamsini vile, kila mtoto anapata zote mbili ndani ya mdomo wake, upande huu matibabu ya kwanza, upande ule matibabu ya pili, halafu wanamfuatilia miezi au hata miaka waone upande gani umeshikilia. Mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe. Na upande gani upate nini si daktari anachagua, inapigwa kura, inaweza kuwa bahasha zilizofungwa au kompyuta, kwa sababu daktari akiachiwa achague, hata akiwa mtu mwaminifu kabisa, anaweza kujikuta amepea ile njia anaipenda jino lenye shimo dogo na ile ingine amepea jino lililooza zaidi.

Sasa kwa nini wahangaike hivyo? Angalia watoto wa Nairobi tu. Huyu anakunywa maji ya mfereji, ambayo mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, mwenzake wa ploti ya pili anakunywa maji ya borehole, na borehole nyingi za hapa Nairobi zina floraidi, yale madini yanayogusa ugumu wa meno, kupita kile kipimo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha miligramu 1.5 kwa lita. Huyu analala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, yule mama yake anampiga mswaki kila usiku. Mate hayafanani, meno yenyewe hayafanani ugumu. Ukigawa hao watoto vikundi viwili na kikundi kimoja kitoke na meno mazuri, utajuaje ni matibabu na si maji au chai? Kura inasaidia kuchanganya hizo tofauti, lakini itabidi uwe na watoto wengi sana. Ukigawa mdomo, hiyo shida kubwa inapungua, gego la kulia na la kushoto yanakunywa maji yaleyale, yanakula mandazi yaleyale, yanalala bila mswaki usiku uleule.

Hesabu yake pia iko na kitu watu wengi wanaruka. Chukua mfano wa kutunga, watoto 20. Kumi na nne pande zote ziko sawa baada ya mwaka, wawili pande zote zimeharibika, wanne upande mmoja umeharibika na mwingine uko sawa. Ukitaka kujua ni njia gani bora, wale 16 hawakuambii kitu, kwao njia zote mbili zimetoka sare. Wanaoongea ni wale wanne. Tuseme kwa watatu ni jino la kuzibwa ndilo limeharibika na kwa mmoja ni la kofia. Unaona kofia imeshinda? Bado, hiyo ni kama kurusha shilingi mara nne upate kichwa mara tatu, inatokea kila saa. Kwa hivyo hata hapa watoto lazima wawe wa kutosha, na anayepiga hesabu lazima aweke meno mawili mawili kama jozi, akiyahesabu kama meno 40 ya watoto 40 tofauti ameharibu kazi yote.

Mfano wa kweli ambao mimi huupenda ni wa hiyo hiyo kofia. Uskoti kulikuwa na daktari wa meno anaitwa Norna Hall, yeye alikuwa anachukua gego la utoto lililotoboka, hapigi sindano ya ganzi, hachimbi na mashine, hata ule uozo hautoi, anajaza kofia ya chuma simenti ya meno na kuisukuma juu ya jino, basi. Madaktari wengi wakisikia hivyo walishtuka, unafungiaje uozo ndani? Wazo ni kwamba wale vijidudu wakifungiwa wanakosa sukari na uozo unasimama. Mtafiti wa meno Nicola Innes na wenzake wakaipima kwa kugawa mdomo, watoto 132 wa miaka 3 hadi 10, kila mmoja akiwa na magego mawili yanayofanana kwa ubovu, moja likapata kofia na lingine likatibiwa vile daktari wake amezoea. Matokeo yalitoka 2007. Baada ya miaka miwili yale madhara makubwa, yaani jino kuuma vibaya au kutoa usaha na kadhalika, yalikuwa asilimia 2 kwa upande wa kofia na asilimia 15 kwa ule upande mwingine. Waliofuatiliwa mpaka karibu miaka mitano, ilikuwa 3 dhidi ya 16.5. Na kwa sababu ni mdomo uleule hakuna mtu anaweza kusema ati wa kofia ndio walikuwa wanapiga mswaki.

Lakini si kila kitu kinapimika hivi. Ukipaka floraidi upande wa kulia, mate yanaizungusha inafika kushoto, hapo umeshapoteza, na dawa ya meno ya kupigia mswaki ndio kabisa huwezi. Woga nao unavuka, mtoto akiumizwa upande wa kwanza atakuja siku ya pili analia kabla hajafungua mdomo, na hutajua analilia nini. Kofia ya chuma inaonekana, hauwezi kuificha kwa anayekagua. Halafu lazima mtoto awe ameoza pande zote mbili, kwa hivyo mwenye shimo moja hayuko kwa hayo matokeo. Na hapa kwetu kuna ile ya familia kuhama, mzazi akikosa kazi watoto wanapelekwa ushago, ukimpoteza huyo mtoto umepoteza pande zote kwa mpigo.

Nirudi kwa jirani. Nilimwambia aangalie kwa fomu vitu vichache kabla aamue. Je, pande zote mbili zinapata matibabu ya kweli? Kama upande mmoja unaachwa tu uoze, aulize kwa nini, na asione aibu kuuliza mara tatu. Utafiti uwe umepita kamati ya maadili na uwe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayosimamia utafiti, namba ya kupigia hiyo kamati huwa inawekwa kwenye fomu. Nani analipa kofia ikitoka baada ya miezi minane? Na akitoa mtoto katikati, ataendelea kutibiwa kama kawaida? Jibu linafaa kuwa ndio, iandikwe hapo. Mtoto naye aelezwe kwa lugha yake aulizwe kama anataka, saini ya mama haimnyimi mtoto nafasi ya kukataa.

Tulikaa kwa ngazi tukaisoma yote. Ukurasa wa tatu ulisema kofia ikitoka inarudishwa bure mpaka utafiti uishe. Swali lake moja halikuwa kwa fomu: jino la upande uliozibwa likianza kuuma usiku anapigia nani? Hapo nilikosa jibu, na yeye akasema hasaini mpaka aandikiwe namba ya simu.