Kiatu cha hafla ya kazini kinunue jioni, tena ukiwa umesimama

Sisi wa kitengo cha tiba ya viungo hospitalini msimu wa hafla za maofisi tunaujua bila hata kuangalia kalenda, maana zikishapita siku mbili tatu foleni inajaa watu wanaochechemea, huyu kisigino kimechubuka, yule dole gumba limevimba, mwingine unyayo unawaka moto mpaka asubuhi hawezi kukanyaga sakafu, na ukiwadadisi vizuri stori ni ileile, kiatu kipya na masaa mengi ya kusimama. Kwahiyo leo naomba tuongelee hicho kiatu mapema, kwa sababu siku ikishafika na mguu ukishaanza kuuma hakuna cha maana tutakachokusaidia zaidi ya plasta na pole.

Kinachowaponza wengi ni kwamba wanachagua kiatu cha kukaa. Mtu akisikia mkutano mkuu au usiku wa tuzo anajiona yuko kwenye kiti, meza ina kitambaa, maisha safi. Sasa fikiria ratiba ilivyo kweli, unasimama kwenye foleni ya kujiandikisha, unasimama kusalimiana, unasimama kupiga picha ambazo haziishi, unasimama na glasi mkononi ukiongea na bosi ambaye na yeye hajui namna ya kumaliza maongezi, alafu kote huko chini ni vigae au zege lililofunikwa kapeti jembamba. Sakafu ngumu haipokei kishindo hata kidogo, inakurudishia chote, na mguu mmoja una mifupa 26 na viungio 33 ambavyo vyote vinagawana huo mzigo kama kiatu kimeviachia nafasi ya kufanya kazi. Kikivibana, mzigo unaangukia sehemu mbili tatu tu na hapo ndo maumivu yanapoanzia.

Kingine, mguu wa saa tatu asubuhi sio mguu wa saa mbili usiku. Ukisimama muda mrefu maji ya mwilini yanashuka chini na kujikusanya kwenye nyayo na vifundo, kwahiyo mguu unanenepa, na kukiwa na joto ndo zaidi. Mtu anaenda dukani asubuhi mguu bado mwembamba, anakaa kwenye kile kistuli, anavaa, anajiangalia kwenye kioo, anasema kimenikaa vizuri, analipa. Jioni ya hafla anashangaa kiatu kimebadilika, kumbe kiatu hakijafanya lolote. Ndo maana nasema nenda jioni baada ya kazi, na ujaribu umesimama, kwa sababu unyayo ukibebeshwa uzito wa mwili unatanuka kwa urefu na kwa upana. Na jaribu miguu yote miwili jamani, watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, basi nunua cha mguu mkubwa, ule mdogo tutauwekea soli ya ndani.

Namba usiiamini sana. Kuna watu wanasema mimi ni 39 tangu nimemaliza shule, na kweli walikuwa 39, ila kadiri umri unavyoenda kano zinazoshikilia unyayo zinalegea na mguu unarefuka na kutanuka, na wanawake wengi wakibeba mimba mguu unaongezeka na wakati mwingine haurudi. Alafu kila kiwanda kina vipimo vyake. Kwa namba za Ulaya tofauti ya namba moja na inayofuata haifiki hata milimita 7, kidogo mno, lakini ni hizo milimita zinazoamua kama kucha ya dole gumba itagonga mbele au haitagonga. Unachotafuta ni nafasi ya kama sentimita moja kati ya kidole chako kirefu na ncha ya kiatu, na kidole kirefu sio lazima kiwe dole gumba, wengi ni cha pili yake. Kwa nyuma kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

Upana ndo watu wanausahau kabisa, na kwa ninavyoona mimi unaumiza watu wengi kuliko urefu. Fanya hivi, ni bure. Jioni weka karatasi sakafuni, simama juu yake peku, chora mguu wako kwa penseli iliyosimama wima, kata huo mchoro, beba uende nao dukani. Uweke juu ya soli ya kiatu unachokipenda. Karatasi ikitokeza pembeni, hasa pale chini ya vidole ambapo mguu ni mpana kuliko kote, ujue nyama yako ndo itakayokunjwa ili iingie humo, hakuna muujiza. Viatu vya mchongoko wa mbele vina ujanja wake, kuna vile ambavyo mchongoko unaanza baada ya vidole kuisha, hivyo havina neno sana, na kuna vile mchongoko unaanzia juu ya vidole vyenyewe, hivyo ndo vinavyobananisha vidole mpaka mshipa wa fahamu unaopita katikati yake unaminywa, mara nyingi kati ya kidole cha tatu na cha nne, unasikia ganzi au kama umekanyaga kokoto ndani ya kiatu, unavua unakung'uta hakuna kitu. Ukivivaa miaka na miaka vinachangia pia kile kinundu cha pembeni ya dole gumba kukua na kuuma, hata kama asili yake mara nyingi ni ya kurithi.

Tuje kwenye visigino, najua hapa ndo ugomvi ulipo. Mimi simkatazi mtu mchuchumio, mtu mzima ana haki ya kupendeza anavyotaka. Ila ujue kinachoendelea, kisigino kikipanda uzito unahama kutoka nyuma unakuja mbele kwenye ile sehemu ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, kadiri kinavyopanda ndo unavyohama zaidi, na pale hakujaumbwa kubeba mwili mzima kwa masaa manne. Kwa shughuli ya kusimama mimi ningekaa chini ya sentimita 5, na kisigino kiwe kipana, sio msumari, kwa sababu kipana kinakupa pa kusimamia na kifundo hakiyumbi. Wanaopenda urefu wana njia moja ya halali, kiatu ambacho soli ya mbele nayo imeinuliwa, maana kinachoutesa mguu ni tofauti ya kimo cha nyuma na cha mbele, lakini hicho nacho kina ubaya wake, ukikanyaga vibaya unaanguka kutoka juu zaidi. Na kiwe na mkanda wa kukishika mguu, vinginevyo vidole vinajikunja muda wote kukizuia kisichomoke.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili ukanunua zile flati nyembamba zinazokunjika zikaingia kwenye pochi. Zile kwa kusimama ni mbaya vilevile. Soli ya milimita chache juu ya vigae ni sawa na kutembea peku, kisigino kinapigwa, na mtu ambaye kila siku anavaa virefu misuli ya shavu la mguu na ile kano nene ya nyuma ya kisigino imeshazoea kujikunja, ukimshusha ghafla chini kabisa kwa siku nzima inavutika na kesho yake analalamika. Kainuko ka sentimita mbili tatu kenye soli nene kidogo kanamfaa karibu kila mtu.

Na hapa niwageukie kidogo wanaoandika kanuni za mavazi maofisini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia huko Kanada lilikataza waajiri kuwalazimisha wafanyakazi kuvaa visigino virefu, na mwaka huohuo idara ya kazi ya Ufilipino ikatoa agizo kuhusu wafanyakazi wanaosimama kazini, viatu visibane vidole, visiteleze, na kisigino kama kipo kiwe kipana na kisizidi inchi moja, yaani kama sentimita 2.5. Kwahiyo wahudumu na wapokea wageni mnaowasimamisha mlangoni kuanzia asubuhi wapeni kiti cha kupumzikia na ruhusa ya kuvaa kiatu cha chini, wageni hata hawatagundua.

Wanaume nao wanajidanganya kwamba habari hizi haziwahusu. Kaka, ile moka yako ya kuchomeka mguu haina kamba, maana yake kinachoishikilia mguuni ni kubana kwake tu, ikiwa huru itapwaya na ikiwa haipwayi itakubana mguu ukivimba. Cha kamba unaweza kukilegeza kadiri usiku unavyoenda. Na kwenye vya kamba kuna aina mbili, kuna ambacho zile mbawa za matundu ya kamba zimeshonewa chini kabisa hazifunguki na kuna ambacho mbawa zinafunguka kulia na kushoto. Cha kufunguka kinamfaa zaidi mwenye mguu mnene au uliopanda juu, kinapendeza na suti vizuri tu, na kwakweli anayekuhukumu kwa ushonaji wa mbawa za kiatu ana matatizo yake. Soli ya ngozi tupu inateleza kwenye vigae, mpe fundi viatu aibandike raba nyembamba chini.

Kabla hujalipa, kishike kiatu mkononi ukikunje. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia, hapohapo mguu wenyewe unapokunjika. Kikikunjika katikati hakina egemeo ndani, kiache. Binya na ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, ikibonyea kama boksi la karatasi nayo haikufai. Ingiza mkono ndani upapase mishono. Halafu tembea dukani, sio hatua mbili za kwenye kioo, tembea kwenye sakafu ngumu, panda ngazi kama zipo, simama dakika kadhaa ukipiga stori na muuzaji. Akikwambia kitajiachia mbele ya safari, mbele ya safari hiyo ni ngozi ya miguu yako. Kiatu cha ngozi halisi kweli kinaachia kidogo kwa upana, na fundi mwenye kalibu anaweza kukitanua kidogo zaidi, ila kwa urefu hakiongezeki, na cha ngozi ya bandia hakiachii chochote cha maana. Kikiuma dukani kirudishe kwenye rafu.

Ukishanunua usikiweke kwenye boksi mpaka siku ya tukio. Kivae nyumbani saa moja moja kwa siku kadhaa, na soksi au stokingi zilezile utakazovaa siku hiyo, kwa sababu soksi nene inakula nafasi. Na soksi za pamba tupu zinanyonya jasho na kubaki nalo, na lengelenge linatokana na msuguano kwenye ngozi yenye joto na unyevu, kwahiyo kama mguu wako unatoka jasho sana soksi iliyochanganywa na nyuzi za kukausha ni bora. Ukijaribu nyumbani utaona sehemu inayogeuka nyekundu, hiyo ndo sehemu ya kubandika plasta kabla ya kutoka siku ya hafla, kabla, sio baada ya kuchubuka. Lengelenge likishatokea usilitoboe, ile ngozi ya juu ndo bandeji safi kuliko zote. Likipasuka lenyewe osha kwa maji na sabuni, funika, angalia kama linatoa usaha.

Siku yenyewe, nenda ukumbini na raba zako za kawaida ubadilishe ukifika, safari na maegesho tu zinatosha kuumaliza mguu. Ukiwa umesimama usigande, badilisha uzito, inua visigino ushushe, misuli ya shavu la mguu ikijikunja inasukuma damu kurudi juu. Ukikaa zungusha vifundo chini ya meza, nani anaona. Kuvua kiatu kilichobana katikati ya shughuli sikushauri, mguu unatanuka kwa raha yake na kukirudisha inakuwa vita.

Wenye kisukari mnisikilize kwa masikio yote mawili. Kisukari kinaweza kuua hisia za nyayo taratibu bila mwenyewe kujua, ndo maana kliniki tunakugusa unyayo na kile kiuzi cha nailoni kinachokandamiza kwa gramu 10 tukikuuliza unasikia hapa, unasikia hapa. Mtu asiyesikia anaweza kuvaa kiatu kinachomchubua usiku mzima na akacheka na kucheza, kidonda anakiona kesho yake kwenye soksi. Kwako wewe kiatu kipya hakivaliwi kwa mara ya kwanza kwenye hafla, hata kama ni cha bei mbaya. Ingiza mkono ndani kabla ya kuvaa, ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole, huwezi kuona chini tumia kioo au muombe mtu akuangalie, na ukikuta hata mchubuko mdogo njoo kliniki usisubiri ukauke wenyewe.

Kwa wengine wote, miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya shughuli ni kawaida, ilaze juu ya mto, asubuhi inakuwa imeshuka. Ikiwa asubuhi haijashuka na siku zinazofuata ni hivyohivyo, hapo kiatu hakihusiki, njoo tupime moyo, figo na presha. Na mguu mmoja tu ukivimba, shavu lake linauma na lina joto kuliko la mwenzake, usikande wala usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo maana inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na kama kuna kubanwa pumzi au kifua kuuma basi ni dharura ya saa hiyohiyo.