Gari lililolala miezi mingi haliwaki: sikiliza kabla ya kununua betri

Wengi huniletea gari lililoegeshwa miezi kadhaa mwenyewe akiwa safarini, na tayari wameshanunua betri mpya. Bado haliwaki. Huwa inaniuma, maana betri ni hela nyingi, na dakika chache za kupima zingeonyesha kama tatizo liko huko.

Kweli, betri ndiyo ya kushukiwa kwanza. Gari lililozimwa bado linakula umeme: saa, alamu, kompyuta yake. Tuseme ni miliampia 30. Kwa siku moja hiyo ni kama ampia-saa 0.7, hivyo betri ya ampia-saa 60 hupoteza nusu ya chaji kwa takriban wiki sita. Ipime kwa mita ya umeme. Volti 12.6 imejaa, chini ya 12 imekwisha. Kisha mwenzako apige selfu huku ukitazama mita: ikiporomoka chini ya 9.6, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ikiwa imetulia. Kwa magari ya Dar, Tanga au Mombasa, sugua tominali (vichwa vya betri waya zinapofungwa) kabla ya vipimo hivyo. Hewa ya chumvi huzila upesi.

Sasa sikiliza. Tak-tak-tak za haraka ni chaji ndogo. Tak moja nzito, na taa zinawaka vizuri, nitaikagua stata (mota inayozungusha injini unapopiga selfu) na waya wake. Lakini injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, achana na betri. Hapo ni mafuta au moto wa plagi.

Kwa gari la petroli lililolala, mimi huanza na mafuta. Fungua swichi ya ufunguo bila kupiga selfu, utege sikio karibu na kiti cha nyuma. Kwenye magari mengi ya injekta (vinyunyizio vya mafuta kwenye injini) pampu ya mafuta huvuma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, kagua fyuzi na relei (swichi ndogo inayoipa pampu umeme), kisha upime kama umeme unafika kwenye pampu wakati huo huo swichi inapofunguliwa. Ukifika na pampu haivumi, pampu imekufa au imekwama. Ikivuma, nusa tenki. Petroli iliyochacha hunuka kama vanishi: sehemu nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, zimeruka hewani, na iliyobaki hugeuka gundi inayoziba injekta. Wengine huongeza lita tano mpya juu ya ile ya zamani. Mimi huitoa yote.

Panya nao wasisahauliwe. Ukikuta maganda ya karanga juu ya injini, fuata kila waya kwa mkono kabla ya kulaumu kompyuta.

Gari likizidi mwaka bila kuwashwa, usipige selfu kwanza. Kagua oili, toa plagi, dondosha oili kidogo kwenye kila silinda, kisha izungushe injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini). Ikigoma, usiilazimishe. Ikizunguka laini, rudisha plagi upige selfu, si zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, na uipumzishe stata dakika nzima kabla ya kurudia.