Usaili wa kusindikiza: ninachojifunza kwenye Kanuni ya Rooney

Kazi yangu ni mambo ya ajira. Nimekaa kwenye meza za usaili kwa miaka mingi, na kuna siku moja hainitoki kichwani. Msailiwa wa nne aliingia akiwa ametoka kwenye basi la usiku, shati limenyooka, vyeti amevipanga vizuri kwenye bahasha ya plastiki. Alijibu kuliko wote. Mimi nilikuwa katibu wa jopo, na ndani ya faili la kijani mbele yangu kulikuwa na barua ya ajira iliyokwisha kuchapwa, ina jina la mtu mwingine. Kijana wa watu alikuja kusindikiza wenzake na hakujua. Nilinyamaza. Najuta hadi leo.

Ndiyo maana naifuatilia kwa karibu Kanuni ya Rooney ya NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, inayozitaka timu kuwasaili pia watu wasio weupe. Sisi huku ugonjwa huu tunauita kujuana. Kule umekaa kwenye rangi ya ngozi.

Januari 2002 timu ya Tampa Bay ilimfukuza kocha wake mkuu, Tony Dungy, ingawa alikuwa ameifikisha timu kwenye mtoano. Minnesota nayo ilikuwa imeachana na kocha Dennis Green, baada ya misimu kumi ambayo ni mmoja tu uliomwendea vibaya. Wote wawili ni weusi. Mwaka huohuo mawakili Johnnie Cochran na Cyrus Mehri walitoa ripoti yenye hesabu za mchumi Janice Madden: makocha weusi walikuwa wanashinda wastani wa mechi 1.1 zaidi kwa msimu kuliko weupe. Msimu wenyewe ulikuwa wa mechi 16, kwa hiyo pengo hilo si dogo. Ligi ikaunda kamati chini ya Dan Rooney, mmiliki wa Pittsburgh Steelers, na kuanzia 2003 kila timu inayotafuta kocha mkuu ikatakiwa kumsaili angalau mtu mmoja asiye mweupe.

Kumsaili tu. Kumwajiri ni hiari ya timu.

Mwanzoni ilizaa matunda. Mwaka 2002 makocha wakuu weusi walikuwa wawili katika timu 32. Mwaka 2006 walikuwa saba. Steelers wenyewe walimsaili Mike Tomlin mwaka 2007, kijana wa miaka 34, wakati watu wengi walidhani kiti kingekwenda kwa mmoja wa makocha wasaidizi waliokuwa palepale klabuni. Akakichukua, na Februari 2009 akabeba Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi. Huo ulikuwa usaili wa kweli, kwa sababu walioketi mezani walikuwa tayari kubadilishwa mawazo.

Lakini Detroit, mwaka uleule wa 2003, ilitozwa faini ya dola 200,000 kupitia rais wake kwa kumwajiri kocha mweupe Steve Mariucci bila kumsaili mweusi hata mmoja. Utetezi wao ulikuwa kwamba waliwaita, wakakataa. Ni kweli walikataa! Kila mtu alijua kiti kina mwenyewe. Halafu mwaka 2022 kocha mweusi Brian Flores akaishtaki ligi mahakamani. Siku tatu kabla ya usaili wake na New York Giants, alipokea ujumbe wa simu wa pongezi kutoka kwa Bill Belichick, kocha mkongwe aliyewahi kuwa bosi wake. Mzee alikuwa amechanganya majina: aliyetajwa kupata kazi ni Brian mwingine, Brian Daboll. Giants walikana kwamba walishaamua. Flores alikwenda kwenye usaili akiwa na ujumbe ule mfukoni. Nikisoma habari hiyo naliona faili langu la kijani.

Mtaalamu yeyote wa ajira atakwambia kwamba usaili ni hatua ya mwisho, na mara nyingi mambo huwa yameshaamuliwa nyuma yake. Katika NFL wamiliki hupenda kumchukua kocha aliyesimamia mashambulizi au aliyemlea kwotabeki, yule mchezaji anayeamua mpira uende wapi. Kwa miaka mingi wasaidizi weusi wamepewa zaidi kufundisha wakimbiaji na walinzi. Kazi ni halali na ngumu, ila mlango wa ofisi kubwa hauko upande huo. Ukija kutafuta kocha mkuu mwaka huu, orodha yako ilishapangwa miaka kumi iliyopita na yule aliyegawa kazi za chini.

Kwa hiyo badiliko ninalolipenda zaidi ni la 2020: timu ikimkuza mtu asiye mweupe, kisha timu nyingine ikamchukua kuwa kocha mkuu au meneja mkuu, iliyomlea hupewa nafasi ya ziada ya raundi ya tatu, miaka miwili mfululizo, katika kuchagua wachezaji chipukizi. Hapo anayelipwa ni mlezi.

Bado kuna ngazi ya chini kabisa. Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya na baba Mnigeria, alianza kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu, akisaka vipaji kwa ajili ya Orlando bila mshahara. Mwaka 2010 akawa meneja mkuu wa Denver, na 2019 Toronto ikatwaa ubingwa yeye akiwa rais wake wa mpira wa kikapu. Watu humsimulia kama mfano wa uvumilivu. Mimi nawafikiria waliokuwa na jicho kama lake lakini hawakuwa na mtu wa kuwalipia kodi ya nyumba wakati wakifanya kazi ya bure. Klabu ikinialika kuipangia utaratibu wa ajira, jambo la kwanza ninalodai ni kwamba msaka vipaji wa mwisho kabisa alipwe mshahara, na nafasi yake itangazwe hadharani.