Matengenezo ya mwaka ya mashine ya kunyunyizia dawa inayojiendesha

Trekta likiharibika husimama, na kila aliyeko shambani hujua. Mashine ya kunyunyizia viuatilifu ikichakaa huendelea kutembea na kumwaga dawa kama kawaida, na hasara yake huonekana wiki kadhaa baadaye, pale mistari ya magugu yaliyosalia inapojichora katikati ya ngano, au pale majani ya zao lenyewe yanapoungua. Kwa sababu hiyo, matengenezo ya mwaka ya mashine zinazojiendesha, ambazo hutumika katika mashamba makubwa ya ngano na shayiri, hayawezi kuishia kwenye oili ya injini na grisi.

Kazi ianze mara tu mashine inapotoka shambani kwa mara ya mwisho katika msimu, kwa kuwa masalia ya dawa yakishakauka ndani ya hosi ni vigumu kuyatoa. Kusuuza mara tatu kwa maji kidogo kidogo husafisha vizuri kuliko kujaza tangi mara moja na kulimwaga, na maji hayo yanyunyiziwe kwenye shamba lile lile lililopigwa dawa, mbali na mto au kisima. Sehemu zinazosahauliwa ni dari ya tangi, vichujio, na ncha za mabomba ya bumu, yaani mkono mrefu unaobeba vinyunyizio, ambako maji hayapiti. Anayehama kutoka ngano kwenda maharage au alizeti awe mwangalifu zaidi ikiwa alitumia viuagugu vya kundi la salfonilurea, kama metisulfuroni, kwa maana kiasi kidogo sana kilichobaki kinatosha kudumaza mazao hayo. Dawa za kundi hili huyeyuka vyema katika maji yenye alikali, ndiyo maana lebo nyingi huelekeza kusafisha kwa amonia. Amonia hiyo isikutane kamwe na dawa ya kufulia yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Baada ya usafi huja nozeli, yaani vinyunyizio vyenye tundu dogo la kutolea dawa, na hapa ndipo wenye mashine wengi hudanganywa na kompyuta yao. Tuchukue bumu la mita 24 lenye nozeli 48, zikiwa zimeachana sentimita 50. Nozeli ya rangi ya bluu ya kipimo cha 03 hutoa lita 1.2 kwa dakika katika presha ya baa 3. Mashine ikienda kilomita 12 kwa saa, hekta moja hupata lita 120, na tangi la lita 3,000 humaliza hekta 25. Nozeli zikilika kwa asilimia 10, kila moja hutaka kutoa lita 1.32. Mashine yenye kidhibiti cha kiwango hulihisi ongezeko hilo kupitia kipimo cha mtiririko na kuipunguza presha hadi karibu baa 2.5, ili jumla irudi kuwa lita 120. Dereva anaona 120 kwenye kioo cha kompyuta na kuridhika, ilhali nozeli hazikulika kwa usawa: iliyolika sana inazidisha dawa, na jirani yake iliyo nzima inapunguza. Kompyuta inajua jumla tu. Haijui kinachotoka katika kila tundu.

Dawa ya tatizo hili ni jagi lenye vipimo na saa. Mashine ikiwa imesimama, tangini mna maji safi na presha imewekwa baa 3 kwa mkono, kinga maji ya kila nozeli kwa dakika moja na uandike. Inayozidi kiwango cha nozeli mpya kwa asilimia 10 ibadilishwe, na zikiwa nyingi ni afadhali kubadilisha seti nzima, maana gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya dawa inayopita humo. Jumla ya maji hayo ndiyo pia ya kulinganishia kipimo cha mtiririko. Nozeli iliyoziba isizibuliwe kwa waya, wala kwa kupuliza kwa mdomo; brashi laini inatosha.

Pampu ya diaframu, inayosukuma maji kwa utando unaonyumbuka, hubadilishiwa oili na diaframu kwa wakati. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, diaframu imepasuka na maji yameingia. Pampu ya sentrifugali, inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka, huuawa na kuendeshwa bila maji, hivyo sili yake ikaguliwe kama inavuja.

Mfumo wa haidroliki, unaoendesha magurudumu na kukunjua bumu, unadai heshima ya aina yake. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi, usipapaswe kwa mkono, kwa kuwa oili yenye presha kubwa hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja hata kama kidonda ni kama tundu la sindano. Asiwepo mtu chini ya bumu ambalo halijafungwa.

Chujio la hewa la chumba cha dereva nalo lina siri yake: la karatasi huzuia vumbi, lakini mvuke wa dawa huzuiwa na la kaboni pekee, ambalo huisha nguvu bila kubadilika sura. Libadilishwe kwa saa zilizoandikwa na mtengenezaji, hata kama linaonekana jipya.

Vitabu vya mashine hizi, vingi vikiwa vimeandikwa kwa nchi za baridi kali, husisitiza kuweka kizuia-barafu kabla ya kuihifadhi. Kwetu, ukiacha nyanda za juu zinazopata jalidi, adui ni jua linalopasua hosi, na panya wanaotafuna nyaya. Mashine ilale chini ya paa, tangi likiwa kavu na kifuniko kikiwa wazi kidogo, nozeli na vichujio vikiwa vimetolewa na kuwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na betri ikiwa imetenganishwa na nyaya zake. Daftari la vipimo vya nozeli libaki ndani ya chumba cha dereva, likionyesha presha iliyohitajika kwa nozeli mpya, ili dereva wa msimu ujao, akiona presha imeshuka kwa mwendo ule ule na kiwango kile kile, aende kuchukua jagi.