Silikoni nyingi haizibi dirisha la kempa

Dirisha jipya la kempa, lile gari la kulala safarini, likivuja, wengi hudhani dawa ni kumiminia zaidi silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa. Wapi! Maji hupenya kwa sababu fremu haijabana sawasawa. Bati la bodi lina mikunjo, tena ni jembamba kuliko nafasi iliyo kati ya fremu ya nje na ya ndani, kwa hiyo tundu la dirisha huzungushiwa mbao kwa ndani kufidia unene. Kinachoziba ni utepe wa butili, aina ya mpira unaonata, unaobaki laini hata gari likitikisika. Silikoni huacha utando ambao gundi nyingine haishiki, na kuikwangua ni adhabu.

Ukingo wa bati uliokatwa piga tupa, kisha rangi ya kuzuia kutu. Skrubu kaza kidogo kidogo kwa kupishanisha pande, fremu isipinde.