Farasi Anayeyumba: Majibu ya Damu Peke Yake Hayatoshi

Wenye farasi wengi hunijia na karatasi ya maabara kabla sijamwona mnyama mwenyewe. Damu imekutwa na kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, dhidi ya kimelea kiitwacho Sarcocystis neurona, na wanachotaka kujua ni lini tuanze dawa. Huwa naomba kwanza nimwone farasi akitembea.

Kimelea hicho ndicho chanzo kikuu cha EPM, ugonjwa wa protozoa, vimelea vya seli moja, wanaoshambulia ubongo na uti wa mgongo wa farasi. Mara chache mhusika huwa ni kimelea kingine, Neospora hughesi. Ni ugonjwa wa bara la Amerika, maana huko ndiko anakoishi oposamu, mnyama mdogo wa porini mwenye mfuko wa kubebea watoto, ambaye hukitoa kimelea pamoja na kinyesi chake. Farasi hukimeza kwenye nyasi, nafaka au maji. Hamwambukizi farasi mwenzake.

Katika maeneo mengi ya Marekani, karibu nusu ya farasi au hata zaidi wana kingamwili hizo, lakini wanaougua ni wachache sana. Kwa hiyo karatasi inasema tu kwamba farasi aliwahi kukutana na kimelea.

Mwili wa farasi husema zaidi. Kimelea hujificha hapa na pale ndani ya uti wa mgongo, ndiyo maana upande mmoja huumia kuliko mwingine. Nasimama nyuma yake na kulinganisha matako: moja limejaa, la pili limesinyaa. Akiwa anatembea namvuta mkia pembeni; mwenye afya hukaza mwili, huyu huvutika kirahisi upande ulio dhaifu. Nikimgeuza kwenye duara dogo, mguu wa nyuma wa nje hurushwa mbali kupita kiasi. Naangalia pia ncha za kwato, kwa kuwa anayeburuta mguu huzisaga. Shida ikiwa ubongoni, kichwa huinama upande au uso hupooza.

Nikiona hayo, napima kingamwili kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo kwa pamoja. Zikiwa nyingi kwenye maji hayo kuliko zinavyoweza kupenya kutoka kwenye damu, basi zimetengenezwa hukohuko ndani. Na kabla ya hapo lazima niwe nimefikiria shingo iliyobana uti wa mgongo, virusi vya malengelenge ya farasi na, pale inapohusika, kichaa cha mbwa.

Dawa ya ponazurili iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 na hutolewa kwa siku 28, diklazurili ilifuata. Mchanganyiko wa salfadiazini na pirimethamini ni wa zamani zaidi, huchukua miezi kadhaa na unaweza kusababisha upungufu wa damu, kwa hiyo damu ipimwe mara kwa mara. Farasi wengi hupata nafuu, wachache zaidi hurudi kama walivyokuwa. Wengine huugua tena baada ya dawa kuisha, hivyo narudia vipimo vilevile vya mkia na duara wiki kadhaa baadaye. Nafaka nazo zihifadhiwe kwenye mapipa yenye vifuniko imara, na chakula kilichomwagika kiokotwe kabla ya usiku, wakati oposamu anapotoka kutafuta riziki.