Uji wa Mtoto Huanzia Ghalani: Sumukuvu na Afya ya Watoto wa Kanda ya Kati

Msimu wa mavuno unapofika katika wilaya za Kongwa, Chamwino, Bahi na Chemba mkoani Dodoma, kaya nyingi huanza kuandaa unga wa uji wa mtoto kutokana na mahindi na karanga zilizotoka shambani. Mazao hayo mawili ndiyo yanayoongoza kwa kushambuliwa na sumukuvu, na ndiyo tunayomlisha mtoto asubuhi na jioni tangu anapotimiza miezi 6.

Sumu hii hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao huishi udongoni na kulivamia zao likiwa bado shambani, hasa ukame unapolikuta likikaribia kukomaa, kisha huongezeka ghalani penye unyevunyevu. Punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu, na kuuchemsha uji kwa muda mrefu hakuiondoi. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki dunia.

Mlipuko wa aina hiyo huonekana na kushughulikiwa. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kiasi kidogo kinacholiwa kila siku bila mtu kujua, kwa sababu mtoto mdogo, akilinganishwa na uzito wake, hula chakula kingi kuliko mtu mzima. Tafiti kadhaa zimeuhusisha ulaji huo na udumavu, ingawa hazijakubaliana kuhusu ukubwa wa athari yake. Na katika nchi kama Tanzania, ambayo utafiti wake wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, si busara kusubiri makubaliano hayo. Sumu kidogo hupita pia katika maziwa ya mama, lakini hiyo kamwe si sababu ya kuacha kunyonyesha: mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo yu salama zaidi kuliko anayeanzishiwa uji mapema.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si ardhini. Ili kujua kama yamekauka, weka punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, uitikise vizuri; chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishwe juani. Karanga zikaushwe mpaka zisikike zikigonga ndani ya maganda, na wale wanaozinyunyizia maji ili zibanguliwe kwa urahisi waache kabisa, kwani wanawarudishia kuvu unyevu uleule walioutoa kwa jua la siku nyingi. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga, punje zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi zichambuliwe na kufukiwa; zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa. Kukoboa hupunguza sumu, japo huondoa pia sehemu ya virutubisho. Kwa maoni yangu, familia yenye uwele au mtama uliokauka vizuri ingeanzia hapo kwa uji wa mtoto, kwa kuwa nafaka hizi kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi.

Mtoto akianza shule hatari huhamia kwenye stoo ya shule, ambako mahindi yanayochangwa na wazazi kwa ajili ya makande huchanganywa pamoja. Kamati ya shule ina haki ya kukataa debe lenye ukungu. Kwa kijana balehe suala ni ini, maana sumukuvu husababisha saratani ya ini na hatari hiyo huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kinga ya virusi hivyo imo katika chanjo ya pentavalenti, yaani chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ambayo mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo dozi ya tatu isiachwe.

Mtoto, au mtu mwingine yeyote katika kaya, akigeuka manjano machoni, akitapika au akivimba tumbo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na sehemu ya unga uliotumika nyumbani ihifadhiwe ili wataalamu waupime.